Jua la Dodoma lipo, paneli zipo, mbona betri imekufa?

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Naishi pembezoni mwa jiji la Dodoma. Umeme wa LUKU ninao ila unakatika sana, na biashara yangu ni barafu za ubuyu na maji baridi. Kila siku nagandisha kama lita kumi. Mwaka jana nilifunga sola: paneli mbili za wati 330, betri moja N200, kontrola ya ampia 40 na inveta ya wati 1500. Ndani kuna taa sita, TV ya inchi 32 na king'amuzi chake, feni moja, simu nne na friza. Miezi miwili ya kwanza ilikuwa raha tupu. Baada ya hapo ikifika saa nne usiku inveta inalia, inazima. Sasa ni miezi minane na betri haishiki chaji kabisa. Aliyeniuzia anasema paneli ni nzima, ila jua la Dodoma ni kali mno kwa betri. Fundi anataka niongeze N200 nyingine na ninunue inveta ya wati 3000. Jirani naye anasema niachane na betri, nifunge mita niwauzie umeme TANESCO. Mume wangu yuko mbali kikazi, mimi ndiye ninayesimamia, na sitaki kutupa hela mara ya pili. Je, paneli hizi ni feki? Na nyumba kama yangu inaweza kweli kujitegemea bila LUKU?"

Jibu: Dada yangu, pole kwa hasara. Kwa ulivyoeleza, paneli zako sizitilii shaka sana. Shaka yangu kubwa iko kwenye kile kilichofungwa kati ya paneli na betri, na kwenye hesabu ambayo inaonekana hakuna aliyeipiga kabla ya kukuuzia vifaa. Betri yako haikuuawa na ukali wa jua. Kila siku ilitoa umeme mwingi kuliko uliokuwa ukiingia, ikalala nusu tupu usiku baada ya usiku, mpaka ikaoza ndani.

Hilo la joto tulimalize kwanza, maana nalisikia madukani kila kukicha. Paneli haitumii joto, inatumia mwanga. Mwanga ukigonga silikoni ndani ya kioo, unasukuma elektroni zitembee, na huo mwendo wa elektroni ndio umeme wenyewe. Joto kwa kweli linaipunguza nguvu paneli. Zile wati 330 zilizoandikwa mgongoni zilipimwa kiwandani paneli ikiwa na nyuzi 25 za Selsiasi. Juu ya bati lako mwezi wa Novemba, mchana, paneli yenyewe hufika nyuzi 60 na zaidi. Kila nyuzi moja juu ya 25 inakula kama asilimia 0.4 ya nguvu yake, kwa hiyo saa sita mchana paneli ya wati 330 inakupa kama 280. Hasara ipo, ila haitoshi kuua betri. Na ndiyo maana mchana wa Julai, wenye upepo na baridi ya Dodoma, unaweza kukupa umeme mzuri kuliko mchana wa Novemba unaochoma. Ukiambiwa kuna paneli maalumu "za nchi za joto zinazovuna joto la jua", funga pochi yako uondoke.

Betri ndiyo inayoumizwa na joto. Betri za risasi na asidi huzeeka haraka kwenye chumba cha moto, na kanuni ya jumla ya mafundi ni kwamba kila nyuzi kumi juu ya 25 zinakata maisha yake karibu nusu. Kama yako imekaa stoo chini ya bati lisilo na dari, muuzaji wako alikuwa na robo ya ukweli. Robo tatu nyingine hakuzisema.

Sasa kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri. Tafadhali kasome kibandiko chake. Kama kimeandikwa PWM, au hakikuandikwa chochote na bei ilikuwa nafuu sana, basi tumempata mhusika mkuu. Halafu geuza paneli au muombe fundi akusomee kibandiko cha mgongoni, mstari wa Vmp, yaani volti za paneli ikiwa kazini. Paneli za wati 330 za aina inayouzwa sana kwetu husoma karibu volti 37, na mkondo wa karibu ampia 9. Ukizidisha 37 kwa 9 unapata zile 330.

Kontrola ya PWM ni swichi tu inayofungua na kufunga haraka. Inapofungua, inaiunganisha paneli moja kwa moja na betri, na paneli inalazimika kushuka hadi volti za betri. Betri yako ni ya volti 12, na ikiwa inachaji husimama kwenye 13 hadi 14 hivi. Ampia zinabaki zilezile 9. Sasa zidisha upya: 13.5 mara 9 ni kama wati 120. Paneli uliyoilipia wati 330 inakuletea 120, na zote mbili pamoja hazizidi 240. Hizo nyingine zaidi ya 400 zinabaki juu ya paa zikiwa joto tu. Hakuna kilichoharibika, hakuna taa nyekundu, kontrola inaonyesha "inachaji" na kila mtu anaridhika. Mimi naona kosa hili ndilo linalowala watu wengi zaidi katika sola za majumbani sasa hivi, kwa sababu paneli kubwa zimeshuka bei na kontrola za zamani zimebaki rafuni. Paneli za volti 37 zilitengenezwa kwa ajili ya betri za volti 24 na kuendelea. Kuzifunga kwenye volti 12 kunahitaji kontrola ya MPPT, ambayo inapokea volti nyingi na ampia chache, kisha inazigeuza kuwa volti chache na ampia nyingi, na karibu wati zote zinafika kwenye betri.

Twende kwenye hesabu yako ya siku, kwa uniti, kwa sababu uniti za LUKU unazifahamu. Uniti moja ni wati 1000 zikitumika kwa saa moja. Dodoma ina jua zuri. Tukihesabu kwa uangalifu tunachukua saa tano za jua kamili kwa siku, ingawa kutoka asubuhi hadi jioni ni saa kumi na mbili, maana jua la saa moja asubuhi si la saa sita mchana. Wati 240 kwa saa tano ni uniti 1.2. Toa kinachopotea betri ikichajiwa na inveta ikigeuza umeme, na kinachofika kwenye soketi ni chini kidogo ya uniti moja. Hayo ndiyo mapato yako ya siku nzima.

Matumizi je? Taa sita za LED za wati 9 kwa saa tano ni uniti 0.27. TV na king'amuzi, jioni nzima, kama 0.33. Feni ya wati 50 usiku wa saa nane, 0.4. Simu ni kidogo mno, usizihesabu. Hapo tumefika uniti moja, na friza bado hatujaigusa.

Friza ya wastani ya kulala, ikiwa imeshiba na haifunguliwi ovyo, inakula kama uniti moja kwa siku. Lakini wewe hutunzi samaki tu, unagandisha. Kuchukua lita kumi za maji ya ubuyu kutoka uvuguvugu wa chumba hadi barafu ngumu kunahitaji kuondoa joto linalolingana na uniti 1.3. Kwa bahati nzuri mashine ya friza huhamisha joto jingi kuliko umeme inaokula, kwa hiyo kwenye mita biashara yako ya barafu inaongeza kama uniti moja. Jumla ya friza: mbili.

Kuna mlaji mwingine ambaye nakuhakikishia hukutajiwa, nao ni inveta yenyewe. Ikiwa imewashwa bila kuendesha chochote, inveta ya ukubwa wa yako hula kama wati 30 muda wote. Saa 24 ni uniti 0.7. Inakaribia kula kama friza iliyotulia, na haigandishi hata barafu moja.

Jumlisha: karibu uniti 3.7 zinatoka, na haifiki moja inayoingia. Ile miezi miwili ya raha haikutokana na jua. Ulikuwa unaishi kwa akiba ya betri mpya, na nina hakika LUKU nayo ilikuwa inakusaidia kimyakimya pale ulipohamishia friza huko.

Na hiyo N200? Ni betri ya kuwashia lori. Imetengenezwa na bamba nyingi nyembamba ili itoe mkondo mkubwa kwa sekunde chache injini iwake, kisha ijazwe palepale na dinamo. Haikuumbwa kutoa kidogokidogo usiku kucha. Volti 12 mara ampia 200 ni uniti 2.4 kwenye karatasi, ila betri ya risasi hutakiwi kuvuka nusu yake, kwa hiyo una 1.2 za kutumia, na kwa betri ya lori hata hiyo nusu ni kuiumiza. Inapoachwa bila kujaa, bamba zake huota fuwele ngumu za salfati ambazo chaji ya kawaida haiziyeyushi tena. Ukiipima asubuhi baada ya kupumzika saa kadhaa bila mzigo wala chaji, betri iliyojaa husoma karibu volti 12.7, iliyo nusu karibu 12.2. Kama yako mchana inapanda hadi 14 kwa haraka na jioni inaporomoka ukiwasha TV tu, salfati imeshaitawala. Maji ya betri hayatairudisha, wala zile dawa za chupa.

Kwa hiyo ushauri wa fundi wako nauweka pembeni, kwa heshima. Ukiunganisha N200 mpya sambamba na iliyokufa, ile mbovu itainyonya mpya na utazika mbili. Na ukiongeza betri bila kuongeza kinachoingia, umepanua tu nafasi ya kuhifadhi umeme ambao huna. Inveta ya wati 3000 nayo haiongezi hata uniti moja. Ukubwa wa inveta unakuambia inaweza kuendesha vitu vizito kiasi gani kwa wakati mmoja, na ya kwako inatosha kwa orodha uliyonitajia. Sababu pekee ya kuibadilisha ni aina ya umeme inaotoa. Inveta nyingi za bei ya chini hutoa wimbi la ngazi ngazi badala ya wimbi laini kama la TANESCO. Taa na TV huvumilia. Mota ya friza hupata joto, hunguruma, na hufa mapema. Kama friza yako inavuma tofauti ikiwa kwenye sola, ujue ni hilo.

Kuhusu feki: zipo sokoni, na kuna kipimo kisichodanganya. Jua kali kabisa huleta wati kama 1000 kwa kila mita moja ya mraba, na paneli nzuri inageuza moja ya tano yake kuwa umeme, zaidi kidogo kwa zile mpya. Maana yake wati 330 haziwezi kukaa kwenye paneli ndogo. Pima zako: zinapaswa kuwa karibu mita mbili kwa mita moja, na uzito wa kilo ishirini au zaidi. Ikiwa ni fupi kuliko meza ya kulia chakula na mtoto anaibeba, kibandiko kinadanganya. Fundi mwenye mita anaweza pia kukupimia volti na ampia za kila paneli peke yake saa sita mchana, akalinganisha na Voc (volti bila mzigo) na Isc (ampia nyaya zikigusanishwa) za kibandikoni. Kazi ya dakika kumi.

Wakati yuko juu, aangalie na kivuli. Seli ndani ya paneli zimefungwa kwa mfuatano, hivyo tawi la mwarobaini likifunika kipande kidogo tu, theluthi nzima ya paneli inaweza kuzimika. Vumbi la kiangazi la Dodoma nalo si la kupuuza, kwani kuanzia Juni hadi Oktoba hakuna mvua ya kuosha. Futa kwa maji na kitambaa laini alfajiri, kabla kioo hakijapata moto. Mwelekeo usikusumbue kichwa. Kwetu, nyuzi sita hivi kusini ya ikweta, jua la Juni liko kaskazini na la Desemba limevuka kwenda kusini, kwa hiyo elekeza kaskazini kwa mlalo mdogo wa nyuzi kumi hadi kumi na tano, maji yateremke, na uache nafasi ya hewa kati ya paneli na bati.

Sasa jirani. Hajatunga. Kanuni za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, za mwaka 2018 zinaruhusu mteja kufunga mfumo unaopeleka umeme wa ziada kwenye gridi na kupunguziwa kwenye matumizi yake, na Kenya nao wametoa kanuni zao mwaka 2024, ambapo mteja anarudishiwa nusu ya uniti alizopeleka. Tatizo ni kwamba haijibu shida yako. Inveta ya kuunganishwa na gridi bila betri hujizima yenyewe umeme wa TANESCO ukikatika, hata jua likiwa utosini. Hufanya hivyo makusudi, ili isimrushe fundi wa laini aliye juu ya nguzo akiamini waya hauna umeme. Wewe shida yako ni kukatika kwa umeme, na mfumo huo unakatika nao. Pia huna ziada ya kuuza. Una upungufu wa karibu uniti tatu kila siku.

Na kuachana kabisa na LUKU? Inawezekana. Kwako sikushauri. Kwa bei ya wateja wa kawaida iliyotumika miaka hii, karibu shilingi 356 kwa uniti ukijumlisha kodi na tozo, uniti zako 3.7 kwa siku ni karibu shilingi 40,000 kwa mwezi. Tuseme mfumo wa kukutosheleza unagharimu milioni nne. Gawanya kwa 40,000: miezi mia moja, zaidi ya miaka minane, ili hela irudi. Bwawa la Julius Nyerere na megawati zake 2,115 limepunguza mgao, lakini nguzo ikianguka mtaani kwenu bwawa halikusaidii, kwa hiyo sababu halali ya kufunga sola ni barafu zisizoyeyuka na taa isiyozimika. Fanya hesabu ya hasara ya siku ambazo ubuyu uliyeyuka, uiongeze kwenye ile 40,000, hapo ndipo utajua kama inalipa. Kujitegemea kwa asilimia mia kunakulazimu kununua paneli na betri za kukabili zile siku tatu nne za mawingu za Januari, ambazo mwaka mzima uliobaki zitakaa bure. Ukiwa na LUKU mlangoni, iache ifanye kazi ya siku hizo.

Njia zako ni hizi, kuanzia ya hela kidogo.

Unaweza kuirudisha friza LUKU moja kwa moja na kuiachia sola taa, TV, feni na simu. Hiyo ni uniti moja tu. Zima inveta mkishalala, au feni ikihitajika tafuta ya volti 12 inayoenda moja kwa moja kwenye betri. Nunua kontrola ya MPPT na betri kavu moja iliyotengenezwa kwa ajili ya sola. Paneli zako mbili zitakuwa nyingi kuliko hitaji, na hilo ni jambo jema, betri itajaa kabla ya saa tisa mchana na itadumu miaka. Kontrola iangaliwe volti zake za juu kabisa. Paneli zako zikifungwa kwa mfuatano zinaweza kufika volti 92 bila mzigo, na asubuhi ya baridi ya Julai zikapanda zaidi, kwa hiyo ile ya mwisho volti 100 ni ya kubahatisha. Chukua ya 150. Na kwa betri ya volti 12, paneli zote mbili zitasukuma karibu ampia 50, kwa hiyo ya ampia 30 haitoshi.

Njia ya pili ndiyo ningeichagua mimi kama biashara ya barafu ndiyo inayolisha nyumba na hela inapatikana, hata kwa awamu. Hama volti 12, nenda 24. Inveta ya haibridi yenye MPPT ndani yake, ambayo inachukua jua kwanza, ikipungua inachukua betri, ikiisha inavuta LUKU yenyewe bila wewe kuamka. Betri ya lithiamu ya fosfeti ya chuma, ile ya volti 25.6 na ampia 100, ambayo inahifadhi kama uniti 2.5 na unaweza kutumia zaidi ya asilimia 80 bila kuiumiza. Ni ghali kuliko betri kavu, mara mbili au zaidi kwa ukubwa uleule. Lakini inahimili kuchajiwa na kutumika maelfu ya mara pale ambapo ya risasi huhesabiwa kwa mamia, na haina kinyongo ikilala nusu. Kisha ongeza paneli mbili zinazofanana na zako. Nne zitakupa karibu uniti 4.9 siku ya jua zuri, na siku ya mawingu mazito nusu yake. Tahadhari moja ambayo wauzaji huwa hawaitaji: inveta nyingi za haibridi haziamki mpaka zipate volti za kutosha kutoka paneli, na baadhi zinataka 120 kwenda juu. Paneli zako mbili kwa mfuatano zina 75 tu. Soma kiwango cha chini na cha juu cha MPPT kabla ya kulipa, si baada.

Kwa njia yoyote kati ya hizo, badilisha ratiba ya barafu. Weka ubuyu kwenye friza saa tatu asubuhi, kwenye vifuko vidogo badala ya chombo kimoja kikubwa, ili mashine ivigandishe jua likiwa juu na umeme utoke kwenye paneli bila kupita kwenye betri. Za leo ziuzwe kesho. Saa mbili usiku zima friza, usiifungue mpaka asubuhi. Friza ya kulala iliyojaa barafu na mfuniko mzima inavumilia usiku huo bila shida, na wewe umeondoa karibu uniti nzima kwenye mzigo wa betri bila kununua kitu. Hili unaweza kulianza kesho hata kabla ya kumpigia fundi.

Kuna kazi ambazo sitaki uzifanye wewe wala kijana wa mtaani aliyeangalia video. Kuunganisha inveta na mkondo wa LUKU ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, muombe akuonyeshe. Mfumo wenu usipotenganishwa sawasawa na gridi, umeme wako unaweza kurudi kwenye laini na kumuua mtu. Nyaya kati ya betri na inveta lazima ziwe nene na fupi, kwa sababu wati 1500 kwenye volti 12 ni zaidi ya ampia 120, na waya wa soketi utaungua hapo. Fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri, na sakiti breka za upande wa paneli ziwe za umeme wa DC, yaani mkondo wa upande mmoja kama wa paneli na betri. Zile za kawaida za nyumbani zikikata DC huacha cheche inayoendelea kuwaka. Ukiona betri imevimba, inanukia kama yai viza, au plastiki ya waya imebadilika rangi, zima, fungua madirisha, na usiiguse mpaka mtu wa kazi hiyo afike. Betri ya maji ikichajiwa hutoa gesi inayolipuka, kwa hiyo isikae chumba cha kulala wala karibu na jiko.

Hiyo N200 iliyokufa usiitupe jalalani, na asidi yake isimwagwe shambani. Ina kilo nyingi za risasi na wanunuzi wapo, hivyo itakurudishia hela kidogo ukiipeleka nzima kwa mnunuzi mwenye kibali. Wale wanaozipasua na kuziyeyusha uani usiwape hata wakiongeza bei. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia watu wa mtaa mzima sumu ya risasi mwilini, watoto wakiwemo, na kesi yao ilikaa mahakamani miaka mingi. Mnunuzi akikuuliza, mwambie ni betri ya maji ya volti 12, ampia 200, haijafunguliwa.